Kuta Kumi na Tisa za Koplo Mlekwa

Mtu ninayemjua kuliko watu wote sijapata kumwona uso.

Namjua mikono. Kidole gumba cha kushoto kina kovu, saa huivaa kwa upande wa ndani, kioo kikilalia mshipa, na akiingiwa na hofu huparura kitako cha kirungu kwa ukucha, polepole, mtu asimwone. Namjua pumzi. Zikiwa ndefu, anatembea tu mtaani. Zikianza kukatika, kuna mlango mbele yake na hajui ng'ambo ya mlango kuna nini. Miaka mitatu nimekaa kifuani kwa mtu huyu naye hana habari kama nipo. Marehemu mume wangu niliishi naye miaka kumi na minane, na sikuwahi kuzisikia pumzi zake kwa karibu hivyo.

Jina langu Sikudhani. Kazi yangu ni kutazama. Katika Mji huu, ambao hauna jina kwa sababu waliotumwa kuupa jina bado wanabishana, kila mwenye mamlaka huvaa kifuani kamera ndogo isiyozidi kifungo cha koti. Askari wa doria huvaa, hakimu huvaa, mpima ardhi huvaa, hata anayefungua bomba la maji huvaa. Sisi tunaiita jicho. Ilichoona jicho huletwa kwetu, Nyumba ya Macho, jengo refu lisilo na dirisha hata moja, na humo wanawake arobaini tumekaa mbele ya vioo, kila mmoja na mtu wake. Waliotuajiri waliamini kwamba mwanamke hachoki kuchungulia. Hawakukosea. Wa kwangu ni Koplo Mlekwa, na ole wake atakayekuja kuniambia nibadilishane.

Lakini siku za Koplo hunifikia zimechelewa. Mara siku tatu, mara wiki nzima, kutegemea njia zinavyopitika humo zinamopita. Kwa hiyo yeye anaweza kuwa amelala, mimi namwona anakimbia. Anaweza kuwa maiti, mimi namwona anamenya chungwa na kumgawia muuza kahawa. Basi hii leo ni ya nani? Ni yake yeye aliyeiishi akaimaliza, au ni yangu mimi ninayeipokea ikiwa bado ina joto? Nimejiuliza hivyo mpaka nikapoteza mpaka wenyewe. Siku moja mvua ilinyesha kwenye kioo nikafungua mwavuli mle ofisini, na wenzangu walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Wacheke. Mimi mabega yalilowa.

Huko nje husemwa kwamba anayetazama ndiye mwenye nguvu, na anayetazamwa ndiye mnyonge. Aliyesema hivyo hakupata kukaa kwenye kiti changu. Nimemwona Koplo akishuka kwenye mtaro kumtoa mlevi aliyeshika chupa iliyovunjika, akimbembeleza, "Mjomba, nipe hiyo, utajikata mwenyewe bure." Nimemwona akipigwa jiwe na watu aliokwenda kuwaamua. Nimemwona machinjioni, mtu amemjia na panga, na lile panga likajaa kioo chote kabla mtu huyo hajakumbuka ana watoto akalishusha. Kila mara nilisimama nikapiga kelele, "Rudi nyuma, wewe mjinga!" Nampigia kelele mtu kwa jambo lililokwisha siku nne zilizopita. Nguvu ya namna gani hiyo? Naona kila kitu, na siwezi kumwambia mtu neno dogo kama "angalia."

Watu wengi hudhani hatari ya askari ni bunduki ya mwizi. Mimi nimekaa kifuani mwa askari na nakwambia hatari ni mlango. Mlango wa nyumba ya watu, mchana kweupe, nyuma yake kuna mume na mke waliokosana, na mmoja wao ndiye aliyekuwa anakata vitunguu.

Sasa nieleze habari ya kuta.

Ukuta wa kwanza niliuona mwaka wa kwanza. Koplo aliitwa kwa bibi mmoja aliyeanguka bafuni. Alibisha hodi mara tatu, akaingia, na ghafla mbele yangu hapakuwa na bibi wala bafu. Palikuwa na ukuta wa bluu wa chokaa, ufa mmoja, na mjusi aliyekuwa akinitazama kama mwenye nyumba. Nikadhani jicho limeharibika. Kisha kwenye hedifoni nikasikia sauti ya Koplo, ya chini, "Nimegeuka, bibi. Jifunge taratibu, mimi simo humu."

Hapo nikaelewa. Mwanamume aliyelelewa akalelewa vizuri, akimkuta mtu hana nguo, hugeuka. Hafikiri kwanza. Mwili wenyewe hugeuka, kwa sababu alifunzwa hivyo kabla hajajua kusema. Na jicho likiwa kifuani, basi kumgeuzia mtu mgongo ndiko kuligeuzia jicho ukuta.

Kuna sheria mbili. Ya Nyumba ya Macho inasema jicho lisigeuzwe kamwe mbele ya tukio. Ya chuo cha askari inasema usimpe mtu mgongo ukiwa kazini. Koplo alizivunja zote mbili kwa kugeuka mara moja. Nilipaswa kuandika. Niliandika: hakuna la kuripoti. Na nikaandika hivyo tena kwa ukuta wa pili, na wa tatu. Wa nne ulikuwa wa matofali ya kuchoma na sisimizi walikuwa wanahama. Wa tisa ulikuwa na kalenda ya mwaka ambao bado haujafika. Wa kumi na mbili ulikuwa wa makuti, na mwanga ulipenya ukaja kunikaa mapajani, mle ndani tusimokuwa na dirisha. Wa kumi na tano ulikuwa unalia. Sina maelezo mengine. Nilizipenda kuta hizo. Wenzangu waliangalia ugomvi na mbio za magari, mimi nikaangalia chokaa, na nyuma ya chokaa nikamsikia mtu akijifunga kanga bila haraka, bila hofu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimtazama. Katika Mji wenye macho mengi kama huu, dakika moja ya namna hiyo ni jambo kubwa mno.

Wa kumi na tisa ulikuwa wa kijani kilichopauka. Kuna msumari. Kwenye msumari kuna kichujio cha chai.

Saa nane mchana. Ghorofa ya pili, ngazi nyembamba. Majirani ndio waliopiga simu kituoni: Hoza, fundi viti, amemshikia kisu mkewe. Mwenzake Koplo alibaki chini kuwazuia watu. Hodi, hodi, hodi. Pumzi zinakatika. Ukucha unaparura kirungu, kisha kirungu kinarudishwa kiunoni, na mikono miwili inanyooshwa mbele ya kioo changu, mitupu.

"Hoza, kaka, mimi Mlekwa. Sikuja kukupiga. Kiweke hicho mezani tuongee."

Waliongea muda wa wali kuiva. Hoza alikiweka kisu mezani, akaketi sakafuni, akalia kwa kwikwi, mtu mzima na ndevu zake. Koplo akapiga hatua kukifuata kile kisu. Hatua ya pili ndiyo hakuipiga, kwa sababu pazia la chumbani lilifunguka akatoka Bi Nyamizi, mkewe Hoza, na nguo aliyokuwa nayo ilikuwa imechanwa.

Kijani. Msumari. Kichujio.

"Dada, nimegeuka. Jifunge."

Alichosema Bi Nyamizi wakati huo nimekisikia mimi, na sitakiandika. Hata wewe unayesoma, geuka kidogo.

Kisha ukuta ukaruka. Kisha sakafu ikaja. Kisha pumzi, pumzi, na mkono wenye kovu ukitafuta kitu cha kushika pale chini na kukuta mguu wa meza tu.

Nilipiga ukelele mpaka Nyumba yote ya Macho ikasimama. Picha hiyo ilinifikia Alhamisi. Mgongo wangu ulikuwa umeanza kuniuma tangu Jumatatu, chini kidogo ya bega la kulia, nami nilikuwa nimeupaka mafuta ya karafuu nikidhani ni uzee.

Hakufa. Niandike hilo upesi, maana najua uchungu wa kungoja. Kisu kilikwama mfupani. Hoza alipoona damu alitoka mbio, akateleza kwenye zile ngazi, akavunjika mkono wa kushoto. Na aliposimamishwa mbele ya wakubwa akasema maneno ambayo mtu mwenye hofu huyaokota popote: Koplo ndiye aliyenivunja mkono, akaligeuza jicho ili asionekane, nami nikajitetea. Bi Nyamizi aliitwa mara mbili aje aseme aliyoyaona. Mara zote mbili alijifungia ndani.

Kwa hiyo lilibaki jicho, na jicho liliona kichujio cha chai.

Nilikwenda wodini, jambo ambalo watazamaji tumekatazwa. Nilitaka angalau nimwone uso. Nikamkuta amelazwa kifudifudi, mgongo umefungwa bendeji, kitanda kimesukumwa ukutani, na uso wake ameuelekeza huko huko ukutani. Nikasema moyoni, huu ni wa ishirini, na wallahi sitauhesabu.

"Nani?" aliuliza.

"Sikudhani. Wa Nyumba ya Macho. Mimi ndiye ninayekutazama."

Mgongo ulipanda ukashuka.

"Shikamoo, dada Sikudhani."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Naumwa. Kwa hiyo miaka yote hii… hata nikiimba?"

"Unaimba vibaya sana."

"Na nikienda chooni?"

"Jicho unalivua ukalining'iniza nje. Nimeangalia miti mingi kwa ajili yako."

Alicheka, akaguna. "Usinichekeshe, dada, nyuzi zitakatika."

Nikaketi kwenye ukingo wa kitanda. Nikamweleza yaliyonileta. Baraza linakaa keshokutwa, watu saba, na mwenyekiti ni Bwana Semboja ambaye hajawahi kumsamehe mtu jambo. Picha peke yake itamfunga. Lakini sauti ipo. Kwa sheria yetu sauti haifunguliwi barazani mpaka mtazamaji aiombe kwa kinywa chake. "Nikiiomba tu, utakuwa huru kabla ya chai ya saa nne."

"Usiiombe."

"Utavuliwa sare, Mlekwa. Utafungwa pamoja na watu uliowakamata mwenyewe. Unajua watakufanya nini humo?"

"Najua. Lakini wale saba nao wana macho kifuani, dada. Maneno ya yule mama yatahifadhiwa mara saba, na kila jicho lina mtazamaji wake. Atakwenda sokoni vipi?"

"Na mama yako mzazi atakwenda sokoni vipi, wewe ukiwa gerezani?"

Nililisema kwa ukali, na nilijua linamchoma. Muuguzi akapita, akatuangalia, akaenda zake.

"Nilimwambia nimegeuka," alisema hatimaye. "Akaniamini. Sauti hiyo ikifunguliwa, mimi nitakuwa nimegeuka tena kumtazama."

"Mkaidi mkubwa wewe."

"Ndiyo, dada."

Nilimpenda hapo. Si mapenzi ya kuoana. Nina miaka hamsini na miwili na mume mmoja alinitosha. Nilimpenda kwa namna ambayo mtu hupenda nyumba aliyokulia, mpaka anatamani kuzigusa kuta zake. Nikamwekea mkono kisogoni, kitu pekee kilichokuwa hakina bendeji, nikautoa, nikaondoka bila kuuona uso wake. Njiani nilikuwa na hasira naye mpaka nikapitiliza nyumba yangu.

Siku mbili zile nilizipitisha kwenye swali. Nikiomba sauti, namwokoa yeye na kumvua mwanamke yule mbele ya Mji mzima. Nisipoiomba, namsitiri mwanamke yule na kumzika mtu ambaye pumzi zake ni kama zangu. Na pale chini ya swali kuna lingine: mimi ni nani katika jambo hili? Jicho ni la nani, la anayelivaa au la anayelitazama? Maana kama ni langu, basi mimi ndiye niliyegeuka mara kumi na tisa, na mimi ndiye niliyechomwa, na nina haki ya kusema nilivyosimama. Nilijaribu kusimama hivyo mbele ya ukuta wa chumbani kwangu. Nikaona ajabu jinsi mgongo unavyokuwa mpana usipokuwa na wa kuulinda.

Baraza lilikaa saa tatu asubuhi, katika ukumbi ambao kuta zake zilikuwa nyeupe na hazina kitu. Saba walikaa kwenye meza ndefu, kila mmoja na jicho lake kifuani likimwekamweka. Karani alikuwa pembeni na daftari. Mlangoni askari mmoja wa zamu. Kwenye benchi ya mbele Hoza, mkono wa kushoto kwenye plasta, kichwa chini. Na juu ya meza, mbele yake kabisa, katika sinia, kile kisu cha vitunguu kilicholetwa kama kielelezo. Kilikuwa kidogo kuliko nilivyokiona kwenye kioo.

Picha ilionyeshwa. Kijani, msumari, kichujio. Bwana Semboja aliirudisha mara tatu.

"Mtazamaji," alisema. Ni mzee mwenye mvi safi na sauti ya msikitini. "Unaomba sauti?"

Nilikitazama kile kisu kwenye sinia.

"Siombi, mzee wangu."

Mnong'ono ulipita mezani. Hoza aliinua kichwa kwa mara ya kwanza, akanitazama kwa mshangao. Nadhani alikuwa amekuja akiwa tayari kuisikia.

"Basi hatuna la kutusaidia," alisema Bwana Semboja. "Tunachokiona ni askari aliyeligeuza jicho. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na mmoja. Nimekwenda doria mimi kabla hujafikiriwa kuajiriwa hapa. Hakuna mtu mwenye akili zake anayempa mgongo mtu ambaye kisu kiko karibu naye. Hakuna. Aligeuka kwa sababu alitaka kufanya kitu tusikione. Kama una neno, mama, liseme sasa. Kama huna, karani aandike."

Karani alichovya kalamu. Katika Mji huu bado wanachovya.

Sikuwa nimepanga. Wakija kuniuliza nitaapa hivyo, na itakuwa kweli. Nilikuwa nimevaa gauni langu la heshima, refu, la mikono mirefu, na juu yake kanga mbili, moja kiunoni na moja mabegani, kama mtu yeyote aendaye mbele ya wakubwa. Nilisimama. Nikashika fundo la kiunoni.

"Wazee wangu, mniwie radhi," nilisema. "Nguo inanifunguka."

Fundo lilikuwa limekaza. Hata sikuwa nimelilegeza.

Viti saba vililia kwa pamoja. Nimeona mengi kwenye kioo lakini sijaona watu wazima wakigeuka upesi namna ile. Bwana Semboja alikuwa wa kwanza, fimbo ikamponyoka, akawa ameelekeza uso na kifua ukutani, na wenzake sita kando yake, na karani na kalamu yake inayodondosha wino, na askari wa zamu mlangoni akaugeukia mlango. Migongo tisa. Makoti yamekaza mabegani. Shingo za wazee, zenye mikunjo, zimenyolewa vizuri asubuhi ile na wake zao au na wajukuu. Sikuwahi kuwapenda watu wale, na nikawapenda.

"Tumegeuka, mama," Bwana Semboja alisema, kwa upole ambao sikujua anao. "Jifunge tu, usiwe na haraka."

Aliyebaki akitazama mbele alikuwa mmoja. Hoza hakugeuka kwa sababu hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akiitazama ile migongo.

Aliitazama mmoja mmoja, taratibu, mpaka mwisho wa meza, kisha akarudi. Kisha akakitazama kisu kwenye sinia. Mkono wake mzima ulikuwa juu ya goti, na kati ya goti na sinia hapakuwa na mtu. Nikataka kupiga kelele. Mara hii haikuwa siku nne zilizopita. Mara hii nilikuwepo, na neno langu lingefika. "Angalieni" lilikuwa limeshanijaa mdomoni. Lakini nikamwona uso, Hoza, na kidevu chake kilivyokuwa kinatetemeka, nikalimeza.

Alisimama. Alivuta sinia kwa kidole, akalisukuma mbali, upande wa pili wa meza, ambako asingelifikia.

"Alisimama hivyo hivyo," Hoza alisema. "Koplo. Hakunigusa. Alisimama hivyo hivyo kama nyie, mkono wangu niliuvunja mwenyewe kwenye ngazi."

Akaketi, akajifunika uso kwa ule mkono mmoja.

Wote tisa walisikia. Niliona mabega ya Bwana Semboja yakishuka. Niliona karani akiinua daftari, akalibandika ukutani mbele ya pua yake, akaanza kuandika huko huko. Na hakuna aliyegeuka, hata mmoja, maana nilikuwa bado sijawaambia kwamba nimekwisha kujifunga.